Mwani, kamba koche na papa: bahari ina dawa ya jicho linalovimba, au tunauziana chai? (Uzi mrefu, jipange)

#1 Mpwa wa Bamvua (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili nilifika Jambiani, huku Zanzibar, kumsalimia mama mdogo. Nikamkuta barazani, kanga kajifunika mpaka puani, jicho la kushoto jekundu kama pilipili, chozi halikatiki. Siku ya tano hiyo. Nikamuuliza unatumia dawa gani, akapeleka mkono nyuma ya mto, akatoa kichupa.

Nikieleze kichupa chenyewe, maana ndicho kilichozaa uzi huu. Ni kichupa cha matone kilichotumika tena: ukikigeuza kwenye mwanga unaona gundi ya lebo ya zamani imechungulia chini ya lebo mpya. Lebo mpya imechapwa kwa printa ya kawaida na wino umeshachujuka kwa unyevu. Inasema dawa inaondoa uvimbe wa macho, presha ya macho, mtoto wa jicho na ukungu. Tarehe hakuna, kilichomo hakijaandikwa, namba ya usajili hakuna. Ndani maji ya kijani hafifu yenye vinyuzi vinavyoelea. Elfu kumi na tano.

Jirani alikiona kwenye grupu la WhatsApp. Chini ya tangazo waliweka kiungo cha makala ya kisayansi, na nilipoifungua nikakuta ni makala ya kweli kabisa, ya watu wazima wa maabara, inayosema vitu vya baharini vinatuliza uvimbe wa jicho. Hapo ndipo niliponuna zaidi. Uongo mtupu ni rahisi kuupinga. Huu ulikuwa umebebwa mgongoni mwa ukweli.

Mimi ni mfamasia, si daktari wa macho. Ila jicho linalovimba nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 2019 la kulia lilianza kuuma, nikitazama taa ni kama mtu kanipiga sindano. Kilikuwa kile wanachoita uveitisi, kuvimba kwa ile tabaka ya katikati ya jicho ambayo sehemu yake ya mbele ndiyo unayoiona na rangi ya kahawia. Mfamasia mzima, badala ya kwenda kupimwa nikajitilia matone ya steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Siku ya pili kimya, jicho jeupe. Nikayapenda. Kila likirudi natia. Miezi minane hivyo. Nilipokwenda kupima, presha ya jicho ilisoma 34, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Steroidi ilikuwa inazima moto huku inaziba mfereji wa kutolea maji.

Kwa hiyo wanaotafuta kitu kitakachotuliza jicho bila madhara ya steroidi siwacheki. Namimi nakitafuta. Na bahari ni mojawapo ya sehemu wanazotafuta kweli. Naendelea chini, acheni nile kwanza.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshavuta kiti na kahawa. Tiririka mkuu.

#3 Mzee wa Hoja

Haya yale yale. Bahari ina dawa za kila kitu, wazungu wanajua na wanazificha wauze za kwao. Kwani mwani wetu wanaununua kwa bei ya mchicha wakaufanyie nini? Mama mdogo wako aachwe na dawa yake ya asili, nyie wasomi mmekaririshwa.

#4 Mpwa wa Bamvua

Mzee wa Hoja, la mwani wanaufanyia nini nitakujibu, na jibu hutalipenda.

Tuanze jikoni. Nani kati yenu kachemsha kamba koche? Anaingia sufuriani na rangi ya kijani cha kiza iliyochanganyika na udongo, dakika chache baadaye mwekundu wa kuwaka. Ule wekundu haukuletwa na moto, alikuwa nao. Ni rangi inayoitwa astazanthini, na akiwa hai imefungwa ndani ya protini ambazo zinaubadilisha mwonekano wake. Joto likizivunja protini, rangi inafunguka. Ndiyo hiyo hiyo inayompa samaki samoni wekundu wa nyama.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, kule Sapporo Japani, waliichukua wakaijaribu kwa panya. Namna wanavyomvimbisha panya jicho ni ya kushangaza: wanamdunga unyayoni sumu inayotoka kwenye ganda la bakteria. Wamedunga mguu, yanayovimba ni macho. Baada ya saa 24 wanachukua maji ya ndani ya jicho na kuhesabu chembe za kinga zilizovamia na protini iliyovuja. Panya waliopewa astazanthini walikuwa na nafuu kubwa. Kipimo cha miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito kilifanya kazi sawa na miligramu 10 za prednisoloni, ambayo ndiyo steroidi yetu ya kila siku.

Mwaka 2005, hapo hapo Hokkaido, wakaja na fukozanthini, rangi inayoupa mwani kahawia ukahawia wake. Hiyo ilikaza zaidi: miligramu 10 kwa kilo zililingana na miligramu 10 za prednisoloni. Mwaka 2014 wakaja na ekinokromi, rangi ya yule mnyama wa mwambani mwenye miiba ambaye ukimkanyaga unarudi nyumbani unachechemea (kila kijiji kina jina lake, msije mkagombana hapa).

Vyote hivi, kwa lugha ya mtaani, vinakwenda kwenye swichi kuu. Seli ikihisi hatari inawasha swichi moja ndani yake, na swichi ile inaamrisha kemikali za kuita jeshi: mishipa inalegea, maji yanavuja, chembe za kinga zinamiminika. Huo ndio mchochota. Steroidi inaizima swichi ile pamoja na nyingine nyingi ambazo hukutaka zizimwe. Rangi hizi za baharini zinaonekana kuipunguzia makali, na juu yake zinafyonza zile chembe kali za oksijeni zinazounguza tishu.

Sasa rudini kwenye kichupa cha mama mdogo.

Fukozanthini iko kwenye mwani kahawia, ule unaokuta umetupwa ufukweni wakati wa kusi na hapa kwetu hakuna anayeulima. Mwani wa Paje na Jambiani, spinosamu na kotonii, ni jamii ya mwani mwekundu hata kama kwa macho unauona wa kijani au wa kahawia. Siko huko inakopatikana fukozanthini. Pili, fukozanthini na astazanthini haziyeyuki kwenye maji, ni za mafuta. Chemsha, chuja, tia kwenye chupa, rangi inabaki kwenye majani unayotupa. Sijui kile kijani ni nini. Najua kisichokuwa.

Na lile jibu la Mzee wa Hoja: mwani wetu wanautoa karajinani, ule ute mzito unaotiwa kwenye aiskrimu, maziwa ya chokoleti na dawa ya meno. Maabara nazo zinatumia karajinani, ila si kutibu uvimbe. Wanautumia KULETA uvimbe. Tangu mwaka 1962 mtu akitaka kupima dawa mpya ya uvimbe anamdunga panya karajinani unyayoni, mguu unafura, halafu anaangalia dawa yake itaushusha kiasi gani. Kwa haki niseme, aina wanayoitumia sana kudungia inatoka kwenye mwani mwingine wa bahari za nchi za baridi, si wetu, na kuula hakuna uhusiano na kudungwa. Lakini mtu akiniambia "mwani ni dawa ya uvimbe" bila kusema mwani gani na kitu gani ndani yake, namkumbuka yule panya.

#5 Kiti cha Mbele

Yaani panya anadungwa mguu anaumwa macho. Nimeishia hapo, nimecheka mpaka mke kaniuliza nasoma nini.

#6 Bi Kigingi

Assalaam alaykum. Miye nnalima mwani, mama yangu alianza mwaka ule wa 1989 ulipoletwa. Nnataka niseme la kwetu.

Bamvua likifika, siku zile maji yanapotoka mbali, tunashuka maji yakiwa yanakupwa, tunainama kufunga na kuvuna mpaka maji yanaporudi. Jua liko juu, na chini maji yanarudisha jua usoni. Unaliona mara mbili. Ukiikung'uta kamba, maji ya chumvi na mchanga yanakurukia, na mikono yote miwili imeshika kazi, huna cha kufutia ila bega. Jioni macho yanawaka kama umekata vitunguu vya shughuli. Miye kwenye jicho la kulia, upande wa puani, kuna kinyama kinatambaa kinakuja kwenye weusi.

Sisi tuliambiwa na wakubwa kuwa maji ya bahari yanasafisha jicho, uoshe asubuhi kabla hujasema na mtu. Hilo nalo vipi, mwanangu? Na sponji je, hapa petu kuna wanaolima sponji za kuogea, nazo zina dawa?

#7 Muuguzi wa Macho

Shikamoo Bi Kigingi. Naomba nijibu la maji, sponji namwachia mleta uzi.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chozi lako lina kama 9. Ukiosha jicho kwa maji ya bahari, chumvi inayavuta maji kutoka kwenye ngozi ya juu ya jicho, ndiyo maana linawaka na kisha linakuwa kavu. Ukirukiwa kwa bahati mbaya hufi, lioshe kwa maji safi. Lakini kwenda makusudi kuchota, hapana. Mbali na chumvi, maji yale ni hai, yana vijidudu, na jicho lenye mchubuko ni mlango uliofunguliwa.

Kuhusu dawa za kienyeji kwa jumla: kuna utafiti wa hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 juu ya vidonda vya konea (kile kioo cha mbele cha jicho). Karibu robo ya wagonjwa walikuwa wametia dawa za kienyeji. Na niliyoyaona mwenyewe Januari 2024, macho mekundu yalipotembea Dar, ni majani ya chai, maji ya chumvi, maziwa ya mama, mpaka mkojo. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, unaisha wenyewe kwa wiki moja au mbili. Wengine waliingia na ugonjwa wa wiki moja wakatoka na kovu la maisha.

Hicho kinyama, Bi, kwa maelezo yako ni nyama ya jicho. Jua, upepo na vumbi ndivyo vinavyokiotesha. Kikiwa mbali na mboni tunakiangalia tu, kikisogea kinakatwa. Kapimwe. Na uvae miwani ya jua na kofia pana ukishuka.

Mleta uzi, mama mdogo yukoje? Jicho jekundu lenye maumivu, linaloogopa mwanga, siku ya tano, kwa mtu anayefanya kazi kwenye mchanga. Usiniambie umemwacha huko.

#8 Mpwa wa Bamvua

Sijamwacha. Nitasema.

Bi Kigingi shikamoo na ahsante sana. Ulichokieleza hata watafiti wamekiandika: kuna kazi ya mwaka 2012 kuhusu afya ya wanawake wakulima wa mwani Zanzibar, na matatizo ya macho yamo pamoja na mgongo, uchovu na majeraha ya magamba. Basi fikirieni, watu wanaotafuta dawa ya macho baharini, na watu wanaoumia macho wakiilima bahari hiyo hiyo.

Sponji sasa. Hapa bi mkubwa umegusa penyewe. Za kuogea hazina dawa, lakini dawa ya macho iliyotokana na sponji ILISHAKUWEPO madukani.

Werner Bergmann, mkemia wa Marekani, alikuwa anachunguza sponji lililookotwa pwani ya Florida. Mwaka 1951 yeye na Robert Feeney wakachapisha walichokikuta: vijenzi vinavyofanana na vile vya DNA, ila sukari yake siyo ile ya kawaida, imegeuzwa upande. Kwa virusi hiyo ni sawa na kumpa fundi matofali ambayo hayakai sawa: anaanza ukuta, unamshinda katikati. Wakemia wakaiga mfano ule, wakatengeneza vitu viwili. Kimoja ni saitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na mpaka leo inatumika. Kingine ni vidarabini, na mwaka 1976 ikaidhinishwa kama malhamu ya kupaka kwenye jicho lililovimba konea kwa virusi vya hepesi. Baadaye asiklovia ikaja ikaifunika, ila ilikuwepo, na watu iliwaokoa macho.

Na hakuna aliyekamua sponji jichoni. Sponji lilitoa wazo, kilichotumika kilitengenezwa kiwandani.

#9 Mzee wa Hoja

Sawa, hiyo ya sponji nimeikubali. Lakini umesema panya wa Japani ni 2003. Zaidi ya miaka ishirini. Dawa iko wapi? Kama siyo kufichwa ni nini?

#10 Mpwa wa Bamvua

Swali hili ni zuri kuliko lako la kwanza, mkuu. Nimelala nalo.

Chukua hesabu kwanza. Wale panya walipewa miligramu 100 kwa kilo, tena kwa kudungwa kwenye mshipa. Ukigeuza kipimo cha panya kuwa cha binadamu, kwa kanuni inayotumika kwenye fani, unagawa kwa sita na kidogo. Inabaki kama miligramu 16 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu nzima. Kapsuli za astazanthini zinazouzwa ni za miligramu 4 hadi 12. Kwa hiyo ni kapsuli themanini za ile kubwa, na hapo bado unameza, hudungwi, na nyingi itapita tumboni bila kufyonzwa. (Tena zile kapsuli zenye picha ya mawimbi, nyingi rangi yake inatoka kwenye kimwani cha maji baridi, cha madimbwi. Bahari hakijaiona.)

Halafu saa. Panya walipewa dawa nusu saa kabla ya sumu, au pamoja nayo, au nusu saa baadaye. Nusu saa! Mama mdogo yuko siku ya tano. Kuzuia moto usiwake na kuuzima nyumba ikiwa imeshika paa ni kazi mbili. Na uveitisi ya binadamu haitokani na sindano ya unyayoni: kuna ya kifua kikuu, ya kaswende, ya kijidudu cha toksoplasma, ya mwili kujishambulia. Ndiyo maana daktari makini anakupima damu na kifua kabla hajakupa kitu cha kushusha kinga.

Tatu, jicho ni ngome. Tone moja lina maikrolita 30 hadi 50, na jicho linabeba kama 30. Kilichozidi kinamwagika shavuni au kinashuka puani, ndiyo maana unaionja dawa kooni. Kinachofika ndani kabisa hakifiki asilimia 5. Kitu cha mafuta kama fukozanthini kinahitaji gari la kukibeba, na hapo ndipo kazi kubwa ya sasa ilipo. Kichekesho ni kwamba baadhi ya magari hayo nayo ni ya baharini: kitosani ya magamba ya kamba na kaa, ambayo inagandia kwenye uso wa jicho ili dawa isikimbie, na alijineti ya mwani kahawia inayofanya tone liwe zito kidogo likae muda mrefu. Mimi naona bahari itaingia jichoni kwa mlango huu mapema kuliko ule wa rangi za kamba koche. Nikikosea mtaufufua uzi mnicheke.

Na kuhusu kufichwa: mwaka 1993 mtafiti Michael Zasloff na wenzake walikuta kwenye mwili wa papa mdogo wa bahari za nchi za baridi kitu kinaitwa skwalamini. Ikatengenezwa maabara, ikafanywa matone ya macho kwa wazee ambao nyuma ya jicho mishipa mibovu inaota na kuvuja. Siyo uveitisi, ila ni ndugu wa jirani. Fedha zikamwagwa, majaribio makubwa kwa watu yakafanyika. Januari 2018 kampuni ikatangaza hadharani: waliotiwa matone pamoja na sindano za kawaida hawakuona vizuri zaidi ya waliopata sindano peke yake. Hisa zikaporomoka siku hiyo. Mtu anayeficha dawa hafanyi hivyo, mkuu. Walitaka sana ifanye kazi, ikakataa.

#11 Mrusi wa Kigamboni

Mleta uzi umeiruka moja. Nimesoma Urusi miaka sita. Ile ekinokromi uliyoitaja kwa panya, wenzetu wana dawa yake imesajiliwa kule, inaitwa Histochrome, imetoka kwenye taasisi ya kemia ya Vladivostok. Ya moyo na ya macho. Ya macho inachomwa pembeni ya jicho, wanaitumia hata kwa damu iliyovujia ndani. Kwa hiyo usiseme hakuna dawa.

#12 Mpwa wa Bamvua

Umenishika pabaya, ni kweli ipo na nilipaswa kuitaja. Ila zingatia ulivyosema mwenyewe: imesafishwa, inajulikana ina gramu ngapi za nini, inachomwa na daktari. Na imebaki huko huko, kwingine haijapita kwenye majaribio makubwa. Naihesabu kama kitu kilichofika mbali kuliko wenzake wa panya, na hakijafika kwangu kaunta. Ahsante kwa kunikosoa.

#13 Dagaa Mchele

Mimi jicho langu ni kavu, linachoma nikikaa kwenye kompyuta. Nameza omega 3 mwaka wa pili sasa, na nasikia nafuu. Nayo ni ya bahari. Vipi hapo?

#14 Mpwa wa Bamvua

Hapo bahati nzuri hatuna haja ya panya, watu wenyewe walipimwa. Jicho kavu nalo lina uvimbe wa chini chini, ndiyo maana walitegemea mafuta ya samaki yatasaidia. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya Marekani: watu 535 wenye jicho kavu, kundi moja gramu 3 za omega 3 kila siku kwa mwaka mzima, kundi jingine mafuta ya zeituni kwenye kapsuli zinazofanana. Waliopata nafuu ya maana kwenye omega 3 ni asilimia 61. Kwenye zeituni ni 54. Tofauti hiyo kitakwimu haisimami.

Angalia lakini: makundi yote mawili yalipata nafuu. Kwa hiyo nikikwambia husikii nafuu nitakuwa nakudharau. Unaisikia. Swali ni kama inatoka kwenye samaki. Hela ya kapsuli nunua dagaa wenyewe, na kila baada ya dakika ishirini inua macho utazame dirishani, upepese.

#15 Binti Mkunguni

Salaam kutoka Muscat. Babu yangu Lamu alikuwa na debe la sifa, mafuta ya ini la papa, ya kupaka jahazi. Harufu yake mpaka leo naikumbuka. Alikuwa anawapa watoto kijiko wanaoshindwa kuona magharibi ikiingia. Nayo ilikuwa chai?

#16 Muuguzi wa Macho

Babu yako alikuwa sahihi, dada. Ini la papa limejaa vitamini A, na mtoto asiyeona magharibi ikiingia mara nyingi ndiyo inayomkosa. Leo watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ni ya MDOMONI. Na vitamini A ikizidi ni sumu, hasa kwa mjamzito, na debe la jahazi halina kipimo. Haturudi huko.

Mpwa wa Bamvua, nimeuliza mara moja, hii ya pili.

#17 Mpwa wa Bamvua

Haya, mama mdogo.

Jumapili ile ile nilimpakia gari. Kabla ya kutoka akaniambia, "Si unayo yale matone yako yaliyokuponya, nitie mara moja tu niende nikapumzike." Ninayo kweli, steroidi, kwenye begi. Nakiri mkono ulicheza.

Kliniki wakamtia tone la rangi ya njano, wakamulika kwa taa ya buluu. Kwenye konea pakawaka kijani, alama ndogo kama kiini cha ufuta. Mchubuko wa mchanga, ulikuwa umeshaanza kuwa kidonda. Siyo uveitisi kama yangu hata kidogo. Ningemtia steroidi ningekuwa nimekifungulia kidonda njia. Wakampa antibiotiki, mwanzoni kila saa, wakamwambia arudi kesho yake. Leo ni siku ya nne, mwanga anauvumilia, chozi limekata. Daktari anasema kovu likibaki litakuwa pembeni, halizibi mboni.

Kichupa nilikichukua. Kiko kwenye rafu yangu karibu na dirisha. Jana nimekiona kimeota utando mweupe juu ya maji, kama ule wa kwenye uji uliolala.

#18 Kiti cha Mbele

Tupia picha ya huo utando.

#19 Bi Kigingi

Namshukuru Mungu kwa mama yako mdogo, mpe salaam, huenda tunajuana. Bamvua linaanza Alhamisi. Hiyo miwani ya jua ya Darajani ya elfu tano inafaa, au mpaka ya hospitali? Na ukiinama haitumbukii majini?

#20 Muuguzi wa Macho

Inafaa, Bi, ukipata yenye alama ya kuzuia miale ya jua, na iliyopana pembeni. Ifungie uzi nyuma ya kichwa. Ile kamba ya kufungia mwani inatosha.